SOMO: Jiko na bafu la wazi, anza na hewa na maji, nyundo baadae

Wadau, wengi wanataka jiko liungane na sebule, wengine bafu lifunguke chumbani au kwenye kiua cha nyuma, na karibu wote wanaanza kwa kumwita fundi aje na nyundo. Naomba mgeuze mpangilio. Ukuta unazuia harufu, mvuke, kelele na vyombo vichafu visionekane, kwa hiyo ukiutoa, kila kazi uliyoupokonya lazima uikabidhi kitu kingine, la sivyo utakuwa na nyumba nzuri kwenye picha tu.

Hatua ya 1: Jua ukuta umebeba nini
Kama juu yake kuna slabu, paa au ukuta mwingine, ita injinia akupe saizi ya bimu na nguzo za kuishika. Kugonga ukuta usikie sauti sio kipimo jamani. Angalia pia mabomba na nyaya zinazopita ndani yake.

Hatua ya 2: Hewa ya jikoni
Hapa ndo pesa iende, hata kama taili zitashuka daraja. Feni ya kunyonya moshi itoe hewa nje ya nyumba kabisa, manake zile zinazochuja kwa mkaa na kurudisha humo humo zinapunguza mafuta na harufu lakini mvuke wote unabaki na wewe. Bomba lake liwe la kipenyo cha sm 15 hivi, fupi, kona chache. Feni ikae sm 65 hadi 75 juu ya jiko (fuata kitabu chake) na isiwe nyembamba kuliko jiko lenyewe. Nguvu yake: zidisha urefu, upana na kimo cha chumba cha jiko, afu mara 10. Jiko la mita 4 kwa 3 lenye kimo cha 2.7 lina mita za ujazo 32.4, kwa hiyo unatafuta feni ya mita za ujazo 324 kwa saa, hiyo ni jiko lililofungwa. Ukiliunganisha na sebule panda juu zaidi, kwa sababu moshi sasa una pa kukimbilia kabla haujanyonywa. Na uliza kelele zake kabla ya kununua, maana ikiwa inanguruma watu watakuwa wanaizima ili wasikie tv, na hapo hamna feni tena. Ikishafungwa, iwashe uweke karatasi nyepesi kwenye wavu wake, isiposhika kuna tatizo kwenye bomba.

Hatua ya 3: Chora sakafuni kwa chaki
Sio kwenye simu, sakafuni, kwa saizi halisi. Kaunta kina sm 60, kimo karibu 90, njia mita 1 kwa mpishi mmoja na 1.2 kama mnapika wawili. Friji, sinki na jiko vikiunganishwa kwa mistari mitatu, jumla iwe kati ya mita 4 na 8. Sasa simama kwenye mchoro, jifanye unafungua oveni na droo ya chini, mwambie mtu apite nyuma yako. Akigusana na wewe sogeza mstari, chaki inafutika, kaunta ya jiwe haifutiki. Afu kaa pale kochi litakapokuwa, angalia unaona nini. Kama ni sinki, inua ukingo wa kaunta upande wa sebule kwa sm 15 hadi 20, vyombo vinajificha.

Hatua ya 4: Bafu
Sakafu ishuke sm 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Dawa ya kuzuia maji ipakwe sakafu nzima na ipande ukutani, sehemu ya shawa ipande kama mita 2. KABLA ya taili ziba tundu, jaza maji ya sm chache, weka alama ya penseli ukutani, acha saa 24. Yakishuka chini ya alama zaidi ya kukauka kwa kawaida, fundi arudie, na msione aibu kumwambia. Kioo kiwe cha tempa, kikivunjika kinakuwa chembe chembe badala ya mapanga. Feni ya kutoa mvuke ni lazima, hasa kama nguo na kitanda viko upande wa pili.

Hatua ya 5: Sakafu moja na taa tofauti. Taa kali juu ya kaunta, za joto sebuleni, kila moja na swichi yake.

MASWALI

Swali: Mkuu, naogopa harufu bado, hakuna njia ya nusu nusu?
Jibu: Ipo, mlango mpana wa kioo wa kuslaidi. Wakati wa kukaanga unafunga, wakati mwingine wote uko wazi. Hata jiko maarufu la Frankfurt alilobuni msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926, dogo kabisa, lilikuwa na mlango wa kuslaidi kwenda sebuleni.

Swali: Madirisha yangu yanabana kabisa na natumia gesi, feni kubwa ina shida?
Jibu: Ndio, tena kubwa. Hewa inayotoka lazima nyingine iingie, isipopata njia feni inavuta kwa nguvu na inaweza kurudisha ndani moshi wa hita ya gesi au jiko la kuni. Weka tundu la kuingizia hewa, au fungua dirisha kila ukiwasha.

Swali: Mume wangu anataka bafu la chumbani lisiwe na mlango kabisa, na choo humo humo. Inafaa?
Jibu: Dada, beseni na shawa viwe wazi sawa, ila choo kipewe kachumba kake chenye mlango na feni yake. Hapo mimi sibadiliki.

Swali: Bafu linalofunguka kwenye kiua, mvua haiingii?
Jibu: Itaingia kama sakafu mbili ziko sawa bila mfereji. Weka mfereji wenye wavu upana wote wa mlango, kiua kishuke kuelekea nje, na tundu la kiua liwe na bomba lake, lisiungwe na la shawa.