Jinsi ya kumwombea mtoto mchanga pasipoti kabla ya likizo

Mtoto wa miezi mitatu hajui hata kukaa, lakini mbele ya afisa wa uhamiaji ni abiria kamili. Zamani mzazi aliweza kumwandikisha mtoto kwenye pasipoti yake mwenyewe. Siku hizi nchi nyingi zimeachana na utaratibu huo na kufuata kanuni ya mtu mmoja, pasipoti moja, inayohimizwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Kwa hiyo, kama likizo yenu inavuka mpaka, pasipoti ya mtoto ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya hoteli, kabla ya tiketi, na kabla ya kubishana ni nepi ngapi zitatosha.

Chukua kalenda, weka alama siku ya safari, kisha hesabu kinyumenyume. Cheti kinaleta pasipoti, pasipoti inaleta viza, na hakuna kinachoruka foleni ya mwenzake.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Karatasi mliyopewa hospitalini siku ya kujifungua mara nyingi si cheti. Ni ushahidi wa kuombea cheti kwa msajili. Cheti kikishatoka usikikunje na kukitia mkobani. Kaa chini ukisome herufi kwa herufi: jina la mtoto, tarehe, na majina ya wazazi kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Kwetu mama aliandikwa kwa jina la ukoo wangu, wakati kitambulisho chake kina jina la baba yake mzazi. Ombi la pasipoti likarudi, tukaanza upya kwa msajili. Kosa la aina hiyo lisiposhikwa mapema litahamia kwenye pasipoti, kisha viza, kisha tiketi.

Hatua ya pili ni picha, na hapa ndipo wazazi wengi hutokwa jasho. Nchi nyingi hutaka picha ya milimita 35 kwa 45. Marekani hutaka ya mraba, 51 kwa 51. Vyovyote vile, mtoto awe peke yake, uso mzima uonekane, bila kofia, bila chuchu bandia, bila mdoli. Mkono wa mzazi usionekane, hata ncha ya kidole. Mtoto asiyeweza kushika shingo mlaze chali juu ya shuka jeupe lililonyooshwa, karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha, kisha piga picha kutoka juu yake. Angalia kivuli chako kisimwangukie usoni, na zima taa ya kamera. Masharti ya macho na mdomo hulegezwa kwa wachanga katika nchi kadhaa. Uingereza, kwa mfano, haimlazimishi mtoto wa chini ya mwaka mmoja kufumbua macho. Lakini ukiweza kuyapata yakiwa wazi, bora zaidi. Wakati mzuri ni akishaamka usingizini na kushiba. Usijaribu saa ya njaa, na usisafishe picha kwa programu za urembo, maana picha iliyochezewa hukataliwa.

Kisha ridhaa. Ofisi nyingi hutaka wazazi wote wawili wakubali mtoto apewe pasipoti, ama kwa kufika pamoja, ama kwa asiyekuwepo kutia sahihi fomu mbele ya wakili au afisa wa viapo. Si urasimu wa bure. Watoto huvushwa mipaka na mzazi mmoja kwa siri ya mwenzake, jambo lililozaa hata mkataba wa kimataifa, ule wa The Hague wa mwaka 1980. Mzazi anayelea peke yake aambatishe hati inayoeleza hali yake, kama amri ya mahakama au cheti cha kifo cha mwenzake. Usiende kujieleza kwa mdomo tu ukitegemea huruma ya dirishani.

Siku ya kuwasilisha, beba hati halisi pamoja na nakala zake, na uliza mapema kama mtoto lazima afike, kwa kuwa ofisi nyingi hutaka kumwona. Penye sahihi ya mwombaji usimshikishe mtoto kalamu. Fomu yenyewe husema kama mzazi atie sahihi kwa niaba yake au nafasi iachwe wazi. Ukiondoka, hakikisha una namba ya ombi.

Pasipoti ikifika, isome kama ulivyosoma cheti. Angalia pia tarehe ya mwisho: za watoto hudumu muda mfupi kuliko za wakubwa, mara nyingi miaka 5, na nchi nyingi hukataa pasipoti iliyobakiza chini ya miezi 6. Viza nayo huombwa ya mtoto peke yake. Katika viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, walio chini ya miaka 6 hawalipi ada, lakini fomu wanajaziwa kama watu wazima.

Kama mnakokwenda panadaiwa chanjo ya homa ya manjano, kumbuka kwamba kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Aliye chini ya umri huo, mwone daktari, na uulize ubalozi wa nchi hiyo kama watakubali barua yake ya msamaha.

Atakayesafiri na mtoto bila mzazi mwingine, hata akiwa bibi yake, abebe barua nyingine ya ridhaa, tofauti na ile ya pasipoti. Iandikwe jina la mtoto na namba ya pasipoti yake, jina la anayemsindikiza, tarehe za kwenda na kurudi, nchi, na simu ya mzazi aliyebaki. Ikithibitishwa na wakili ina uzito zaidi. Ongeza nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa kama majina ya ukoo hayafanani.

Sasa kata tiketi, kwa jina la pasipoti na si lile mnalomwita nyumbani. Aliye chini ya miaka 2 huruhusiwa kupakatwa, mtoto mmoja kwa mtu mzima mmoja, lakini hata wa kupakatwa lazima aandikwe kwenye tiketi. Akitimiza miaka 2 mkiwa bado likizoni, safari ya kurudi atahitaji kiti chake. Kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya kiti kiombe siku hiyohiyo, maana kwenye ndege huwa vichache.