Kuagiza bodi za sinthi kwa kuchangishana: mambo ya kufanya kabla hujashika hela ya mtu

Bodi ya saketi tupu ya kujengea sinthi (sinthesaiza, chombo cha muziki cha umeme) siku hizi ni bei ndogo sana, hela inaliwa na usafiri. Viwanda vya Shenzhen, China, vinaanza kukuuzia bodi 5, moja huwezi kuomba, na kama ni ya leya mbili (shaba juu na chini) na haizidi milimita 100 kwa 100 bei inaanzia dola chache tu, ila ukishaweka kuria mpaka Dar unakuta usafiri umeizidi bodi mara kadhaa. Na we ulikuwa unataka osileta moja tu, yani saketi inayozalisha sauti, ya kuweka kwenye boksi lako, sasa zile nne unampa nani?

Tuchukue mfano. Ukiagiza peke yako bodi 5, tuseme bodi elfu 12, usafiri elfu 60, kodi na gharama za kuutoa mzigo elfu 20, jumla elfu 92 na unatumia bodi moja. Mkiwa wengi mkaagiza 30, tuseme bodi elfu 90, usafiri elfu 80, kodi elfu 50, jumla laki 2 na elfu 20. Hapo usigawanye kwa 30, gawanya kwa 27, tatu ziache akiba maana kuna bodi itakuja na kasoro na kuna mtu ataunguza yake, inakuja kama 8,150 kila bodi, we chaji 8,500, ile inayobaki inaenda kwenye makato ya kutuma na kutoa hela.

Anayesimamia hii kitu ni kama kijumbe wa upatu, watu wanakupa hela yao kwa kukuamini na mzigo hawajauona. Kwahiyo sheria ya kwanza, na hii naomba muishike kuliko zote: usichukue hela ya mtu kwa bodi ambayo hujaijenga mwenyewe ikalia. Sio umeiona kwenye KiCad, ile programu ya kuchorea bodi, hapana, umeishika, umeilehemu, imetoa sauti. Mimi niliwahi kukusanya hela za watu nane, bodi 20, mchoro nimeukagua usiku mzima naona uko sawa, mzigo umefika miguu ya voliumu imegeuka, kushoto iko kulia, kwasababu nilichora nikiwa naitazama kwa nyuma. Watu walikuwa wapole lakini hela yao ilikuwa imeshaenda, nilirudisha kidogo kidogo miezi minne. Tangu hapo naagiza 5 kwanza kwa hela yangu, najenga moja, ndo natangaza.

Hata kabla ya hizo 5 kuna kipimo cha bure kabisa. Print bodi yako kwenye karatasi kwa saizi halisi, yani asilimia 100, usiruhusu printa iibane iingie kwenye ukurasa, pima kwa rula uone mstari wa milimita 50 kweli ni 50. Bandika karatasi juu ya kipande cha boksi gumu alafu chomeka vitu vyenyewe humo humo, jeki za milimita 3.5, voliumu, soketi ya umeme, aisii (chipu). Mguu ukikataa kuingia kwenye tundu lake utaona hapo hapo. Voliumu za Kariakoo nyingi ni zile pana za redio na amplifaya, na michoro mingi ya Eurorack (mfumo wa sinthi za moduli, vipande vya saizi maalum unavyopanga kwenye boksi moja) imepangwa kwa zile ndogo za milimita 9, usije ukagundua hilo watu 15 wameshalipa.

Kuhusu mchoro wa kuchagua, kama sio wako hakikisha una ruhusa. Mutable Instruments ya Émilie Gillet kule Ufaransa iliachia michoro ya moduli zake kwa leseni ya CC-BY-SA, unaruhusiwa kutengeneza, ila umtaje aliyeibuni, mabadiliko yako uyaachie kwa leseni hiyo hiyo, na jina la kampuni usiliweke kwenye bodi yako. Wengine wanaruhusu matumizi binafsi tu, huyo muulize kwanza maana oda ya watu 20 inaweza kuhesabika kuwa biashara. Ila kwa grupu linaloanza mimi nisingeanza na hizo za Mutable, vipande vyake ni vidogo mno kwa mtu anayelehemu mara ya kwanza. Anzeni na osileta ya CD40106 au VCA (saketi ya kupandisha na kushusha sauti kwa volti) ya LM13700, aisii zenye miguu ya kupita kwenye tundu, na TL072, vitu ambavyo fundi redio yeyote anavijua.

Paneli ya Eurorack ina urefu wa milimita 128.5, lakini bodi inakaa kati ya reli za boksi kwahiyo isizidi kama 110, na mkiweza kuibana ndani ya 100 mnabaki kwenye bei ya chini.

Kukusanya hela: weka listi wazi ambayo kila mtu anaiona, jina, idadi, amelipa shilingi ngapi, na tarehe ya mwisho. Aliyesema "niwekee mbili ntalipa mwisho wa mwezi" hayupo kwenye listi, hata kama ni rafiki yako, akilipa anaingia. Siku ya kuagiza weka picha ya risiti humo humo watu waone.

Kwenye kuagiza hakuna maajabu, toa faili za Gerber (michoro ya bodi ambayo kiwanda kinaisoma) na za matundu, zipu moja, alafu zifungue kwenye programu nyingine ya kuangalia Gerber, sio ile uliyochorea. Hakikisha mstari wa ukingo wa bodi umo. Unene milimita 1.6, rangi ya kijani mara nyingi ndo inatoka haraka.

Kwenye fomu ya usafiri andika thamani halisi na maelezo ya kueleweka, "printed circuit boards" zisizo na vipande, namba ya ushuru ni 8534. Msidanganye thamani, mzigo ukizuiwa wa kueleza ni wewe. Kodi inapigwa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima, sio bodi peke yake, kwa Tanzania bara VAT ni 18%, na kuria anaweza kuongeza ada yake ya kuutoa, kwahiyo iweke kwenye hesabu toka siku ya kwanza. Kurudi kwa watu kuomba nyongeza mzigo umeshafika kunachosha sana pande zote.

Mzigo ukifika usigawe siku hiyo hiyo. Chukua bodi kadhaa, weka mita kwenye ile ya kutoa mlio, gusa pini za umeme, volti +12 na graundi, -12 na graundi, +12 na -12, isilie hata moja. Jenga moja mpaka mwisho. Wa mikoani watumie kwa basi, bodi katikati ya makaratasi magumu mawili, na kila bahasha iwe na karatasi yenye listi ya vipande na picha ya soketi ya umeme ikionyesha upande wa waya mwekundu, maana kwenye Eurorack ule mstari mwekundu ni -12 na mtu aliyezoea redio atadhani ni chanya. Mwambie awashe kwanza soketi za aisii zikiwa tupu, apime umeme kwenye miguu yake, ndo achomeke aisii.

Zile bodi tatu za akiba zikae kwako miezi mitatu, za walioharibu. Zikibaki ziuze, hela igawanywe kwa listi ile ile.