Kumwandika kereng'ende mwembamba, kichwa hadi mkia

Kila masika yakishapiga na vidimbwi vya huku Kisauni, Mombasa, vikajaa, simu yangu haipumui. "Mwalimu, tazama huyu, hajawahi kuonekana!" Natazama. Ameonekana, na jina lake lipo tangu 1842.

Lakini siwavunji moyo. Mwaka 2015 wanasayansi Dijkstra, Kipping na Mézière walitangaza spishi mpya 60 za kereng'ende wa Afrika katika makala moja. Sitini! Mmoja wao walimwita Umma gumma, kwa kucheza na jina la albamu ya bendi ya Pink Floyd, Ummagumma. Kwa hiyo wapya wapo. Tatizo letu ni kwamba tunaandika "ana rangi nzuri ya buluu" kisha tunadhani tumemweleza mdudu.

Kwanza tuelewane maneno. Kiswahili kinawaita wote kereng'ende, wale wanene wa kuruka kwa kishindo na hawa wembamba kama njiti ya kiberiti. Somo hili ni la wembamba. Utamjua kwa macho yaliyoachana, kila moja upande wake, na kwa mabawa manne yanayofanana, yaliyobana shinani. Akitua, wengi wao huyakunja mgongoni. Mnene huyaacha wazi kama ndege iliyotua uwanja wa Moi International.

Hatua ya 1: Mwandike akiwa hai

Piga picha kabla ya kumgusa: kutoka juu, kutoka ubavuni, na uso. Andika mahali, tarehe, saa, na aina ya maji. Ni kijito chenye kivuli, kisima, au dimbwi la jua? Andika rangi ya macho papo hapo, maana ndiyo ya kwanza kupotea. Rangi ya kereng'ende ni kama kanga ya bei rahisi, hata maji haijaona imeshachuja.

Angalia pia umri. Aliyetoka majini leo ana mabawa yanayong'aa kama nailoni na mwili laini uliopauka. Rangi zake usizitegemee. Mzee naye huweza kujipaka unga kama majivu, ukaficha kila kilichokuwa chini yake.

Hatua ya 2: Mhifadhi vizuri

Hapa nina aibu yangu. Wa kwanza niliyemkausha nilimwanika barazani kama dagaa. Niliporudi kutoka Marikiti, sisimizi walikuwa wameshaondoka na kichwa.

Njia ya kawaida ni asetoni. Kunja mabawa juu ya mgongo, nyoosha fumbatio (ule mkia mrefu), mtie katika bahasha ya karatasi, kisha bahasha izame katika asetoni kwa siku nzima. Mafuta ya mwilini hutoka na rangi hubaki afadhali. Tumia chupa ya kioo. Ule ujanja wa vikombe vya plastiki vya sherehe nimeujaribu, kikombe kikanyong'onyea mezani na asetoni ikamwagika yote. Na jiko liwe mbali, inashika moto upesi.

Kabla ya asetoni, chomoa mguu mmoja uuhifadhi katika ethanoli kali kwa ajili ya DNA. Lebo iingie ndani ya bahasha. Mdudu asiye na mahali na tarehe ni pambo tu.

Hatua ya 3: Vipimo

Vitatu vinatosha kuanzia, vyote kwa milimita: urefu wote, urefu wa fumbatio pamoja na vibano vya mkiani, na urefu wa bawa la nyuma. Pima wengi ukiwapata, uandike mdogo kabisa na mkubwa kabisa.

Hatua ya 4: Kichwa, kifua, mabawa

Nenda kwa mpangilio uleule kila mara, mbele kwenda nyuma, juu kwenda chini. Kichwani: mdomo wa juu, paji, vipapasio, vile vijicho vidogo vitatu vya utosini, na madoa ya nyuma ya macho. Madoa hayo yana umbo: duara, kabari, au mstari unaoungana.

Kifua kina sehemu mbili, na wengi huiruka ya kwanza. Ni ile shingo fupi yenye miguu ya mbele. Ukingo wake wa nyuma umenyooka, umepinda, au una pembe? Kwa jike, hapo ndipo dume hushika, kwa hiyo ukingo huo unaweza kukutofautishia majike ambao kwa rangi ni mapacha. Sehemu ya pili ni kubwa, imelalia nyuma, nayo inabeba mabawa. Eleza mistari yake, upana na inapoishia.

Bawani kuna kifundo ukingoni mwa mbele, na karibu na ncha kuna doa lenye rangi. Hesabu vena ndogo, yaani mishipa ya bawa, zilizokingama kabla ya kifundo. Zikiwa mbili tu, uko katika familia nyingi za kawaida. Zikiwa lukuki, huenda ni wale wa vijito wenye mabawa ya kumetameta. Kisha hesabu zilizo baada ya kifundo. Inachosha, najua.

Hatua ya 5: Mkia, na hapa tukae

Fumbatio lina pingili 10. Wanaoanza hupata 9, kwa sababu ya kwanza ni fupi na imejibanza kifuani. Hesabu kinyumenyume: ya mwisho ni ya 10, rudi nazo hadi mbele.

Dume ana vibano vinne mwishoni, viwili juu na viwili chini. Mnene ana viwili juu na kimoja chini. Kwa vibano hivi dume humkamata jike shingoni, na kwa jumla vya kila spishi vina umbo lake, kama komeo na tundu la mlango wa Mji wa Kale. Katika jenasi (kundi la spishi za karibu) kubwa kama Pseudagrion, madume wawili wanaweza kukuchanganya kabisa kwa rangi, ukaja kuwatenganisha kwa kibano cha juu. Mchoro wako bora uwe huu: kutoka juu na kutoka ubavuni, kwa hadubini ukiipata, kwa lenzi ya mara 10 ukiikosa. Eleza ncha imegawanyika au la, kuna jino ndani au hakuna, na kipi kirefu, cha juu au cha chini. Usiandike "vibano vya kawaida".

Usisahau chini ya pingili ya 2 na ya 3. Mbegu za dume hutokea pingili ya 9, lakini huzihamishia pingili ya 2 kabla ya kupandana. Ndiyo maana wakipandana huonekana wamejikunja umbo la moyo. Kiungo cha pale nacho kina umbo la kuchorwa.

Hatua ya 6: Andika kikavu, kisha linganisha

Mazoezi fanya na anayepatikana kila dimbwi, Ischnura senegalensis. Mfano wa dume: "Kichwa cheusi juu, madoa mawili ya buluu nyuma ya macho. Kifua cheusi mgongoni, ubavu umepauka. Fumbatio jeusi juu, pingili ya 8 buluu." Hakuna "maridadi". Majike wake wapo wenye rangi za dume, na wachanga wengine ni rangi ya machungwa. Nusu ya "spishi mpya" ninazotumiwa ni hao.

Ukishaandika, ndipo kazi yenyewe: mweke kando ya jamaa zake wote wanaojulikana, ueleze anatofautiana nao wapi. Sentensi mbili tatu za tofauti zina uzito kuliko kurasa kumi za sifa. Halafu chagua kielelezo kimoja kiwe holotipu, yaani ndicho kitakachobeba jina, wengine wawe paratipu, mashahidi wake, na wawekwe pahali pa umma kama Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Si kabatini kwako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mvuvi wa Mtwapa: Mwalimu, picha kali ya simu haitoshi? Sipendi kuua.
Jibu: Nakuelewa, kaka. Kwa kumtambua anayejulikana, mara nyingi inatosha. Kwa kutangaza mpya, atakayekuja kukupinga atahitaji kutazama kibano kwa jicho lake. Picha zako zitatuonyesha pa kwenda.

Binti Likoni: Mimi nimepata jike tu.
Jibu: Subiri dada, rudi palepale asubuhi ya jua. Ukiwapata wameshikana, dume na jike wake, umepata ushahidi ambao huwezi kuupata kwa kukisia. Jike utamjua kwa kifaa cha kutagia chini ya pingili ya 8 na 9.

Fundi Redio: Mbona jina la mtu linalofuata jina la mdudu mara liko kwenye mabano, mara haliko?
Jibu: Swali zuri. Ceriagrion glabrum (Burmeister, 1839) ana mabano kwa sababu Burmeister alimweka jenasi nyingine, akahamishwa baadaye. Amanipodagrion gilliesi Pinhey, 1962, yule wa Amani kule Usambara, hajahama. Mabano si mapambo.

Mama Swaleh: Nikitaka kuanza nitafute wapi? Vidimbwi vya hapa mjini nimevichoka.
Jibu: Vuka kivuko uende Shimba Hills, dada yangu. Misitu ya pwani ina Coryphagrion grandis, jitu lenye fumbatio refu, ambalo watoto wake hukulia katika maji yaliyotuama mashimoni mwa miti. Jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na ya Kusini, hebu fikiria. Ila kule nenda na macho na kamera. Kukusanya kunataka leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, na Haller Park pia usiingie na wavu.

Mjukuu wa Zuhura: Nikimpata mpya kweli, naweza kumpa jina la bibi yangu?
Jibu: Unaweza. La mwanamume huishia i, kama gilliesi. La mwanamke ae. Bibi Zuhura atakuwa zuhurae. Nitumie mkia kwanza, kutoka juu na kutoka ubavuni.