Akaunti ipi inakula pesa kidogo? Hesabu za S.2 (kidato cha pili) zinatosha

Nauza vitenge hapa Arua, Uganda, na wenzangu wa sokoni hunijia na swali lile lile: benki gani ina makato madogo? Simjibu mtu kabla sijaona anavyotoa pesa. Anayetoa kila jioni na anayengoja mwisho wa mwezi hawafai akaunti ya aina moja, hata wakiwa mke na mume.

Kwa hiyo anza na karatasi zako. Omba benki taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, shika kalamu nyekundu, teremka mstari kwa mstari. Penye kutoa pesa, weka alama. Penye ada ya mwezi, kato la SMS au kodi, zungushia duara. Makato ya SMS ni madogo, ndiyo maana watu huyaruka, wewe usiyaruke. Jumlisha alama, gawanya kwa tatu. Hiyo ndiyo n yako, idadi ya kutoa kwa mwezi.

Sasa omba orodha ya ada iliyoandikwa, usiridhike na maneno ya kaunta. Mwongozo wa Benki Kuu wa 2011 wa kulinda wateja unazitaka benki ziweke ada zao wazi.

Tuseme akaunti ya kwanza inakata shilingi 10,000 kila mwezi, na 700 kila ukitoa. Ya pili haina ada ya mwezi, lakini kila kutoa ni 1,500. Andika:

ya kwanza = 10,000 + 700n
ya pili = 1,500n

Zinalingana wapi? 1,500 toa 700 ni 800; 10,000 gawanya kwa 800 ni 12.5. Hakuna anayetoa mara kumi na mbili na nusu, basi jaribu pande zote mbili. Ukitoa mara 12, ya kwanza ni 18,400 na ya pili 18,000. Ukitoa mara 13, ni 19,100 kwa 19,500. Mpaka uko hapo. Matangazo ya "akaunti ya bure" humfaa aliye chini ya mpaka huo, basi.

Angalia kodi pia. Ada za benki hutozwa ushuru wa 15%, kwa hiyo 10,000 huwa 11,500. Orodha moja ikiwa na ushuru ndani na nyingine bila, unalinganisha uongo. Zidisha ile isiyo nao kwa 1.15 kwanza.

Wanaoweka pesa zote kwenye simu nao wahesabu: kutoa kuna kodi ya 0.5%, mbali na ada ya kampuni. Kwa 40,000 ni shilingi 200 tu. Kwa milioni moja ni 5,000, na hapo benki huanza kupendeza.

Mwisho, ingiza bodaboda kwenye hesabu. Ikiwa mashine ya akaunti ya kwanza iko mbali, na nauli ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, kila kutoa si 700 tena, ni 4,700. Hapo ya kwanza haiifikii ya pili hata ukitoa mara mia.