SOMO: Kupiga picha vitu vya makumbusho vilivyo ndani ya kioo (Bagamoyo na kwingineko)

Wakuu, swali la "mbona kwenye picha naonekana mimi badala ya kitu" limejibiwa humu mpaka basi. Naliweka hapa, mtu akiuliza tena mtumie hii posti.

1. Omba ruhusa mapokezi. Wakisema hapana, ni hapana.

2. Zima flashi. Inapiga kioo inarudi doa jeupe, halafu mwanga unafifisha karatasi, nguo na picha za zamani taratibu, na kilichofifia hakirudi.

3. KIOO. Hapa someni polepole maana ndipo picha zinapoharibikia. Majengo ya zamani madirisha yake makubwa, ukisimama katikati ya chumba kioo kinakuonyesha dirisha, mlango na shati lako jeupe, kwa hiyo vaa nguo nyeusi, sogeza lenzi mpaka ikaribie kioo na uizungushie hudi ya mpira (kikinga mwanga cha kuvalishwa mdomoni mwa lenzi) mwanga wa pembeni usipenye. ONYO: chuma cha lenzi kisiguse kioo, na usiegemee kabati hata kidogo. Kitu kikubwa kama minyororo ya watumwa hakiingii kwenye fremu ukiwa karibu hivyo, basi rudi nyuma, mwenzako asimame nyuma yako ameshika kaniki ameitandaza, ule weusi ndio unaoua mng'ao. Filta ya polaraiza (kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachokata mng'ao) inasaidia ukisimama kwa upande, uso kwa uso na kioo haifanyi kitu, na inakula mwanga stopu moja hadi mbili, yaani unabakiwa na nusu hadi robo yake. Inapunguza pia mng'ao wa vyombo vya Kichina kama vile vya Kaole, kwenye magofu ya karibu na Bagamoyo.

4. Flashi ukiizima ndani kuna giza, kwa hiyo ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) panda tu, 1600 hata 3200. Chenga, yaani vidoadoa kwenye picha, zinavumilika, picha iliyotikisika haitengenezeki.

5. Taa za tyubu zikichanganyika na mwanga wa dirishani rangi zinavurugika. Piga kwanza karatasi nyeupe palepale, utarekebishia hapo.

6. Piga lebo kila baada ya kitu. Usipofanya hivyo ukifika nyumbani hujui kipi ni kipi.

MASWALI

— Mkuu kamera gani nzuri?
Uliyonayo. Soma namba 3.

— Flashi mara moja tu mlinzi akiwa hayupo, kuna shida gani?
Namba 2 nimeandika. Vitu vile havina vya akiba, na ukikamatwa wewe tunanyimwa ruhusa sote.

— Shikamoo kaka. Mimi nina simu tu, nikisogea karibu inahamia lenzi nyingine yenyewe na inafokasi vumbi la kioo.
Marahaba mdogo wangu, umeangalia vizuri. Zima makro (lenzi ya vitu vya karibu sana) kwenye setingi, rudi nyuma kidogo, zumu mara 2, halafu gusa kitu chenyewe kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge, ndipo ushushe mwanga kwa kidole. Simu yenye kava laini unaweza kuiweka karibu sana na kioo kuliko kamera kubwa, kwa hilo umetuzidi.

— Na magofu ya Kaole, mbinu ni hizi hizi?
Kwenye magofu yenyewe kioo hakuna, shida ni jua. Ule msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo nenda asubuhi au alasiri jua likiwa limelala, mawe ya matumbawe yanaonekana kila kishimo, saa sita mchana yote yanakuwa bapa.

— Nyongeza: ukitoka chumba cha AC lenzi inaingia ukungu.
Kweli kabisa. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje, usiifute futa, ukungu utarudi.