Kompyuta ya filamu za nyumbani: isome prosesa kwanza

Ukizunguka soko la Darajani, Unguja, kutafuta kompyuta ya mtumba ya kurushia filamu nyumbani, usibabaishwe na RAM. GB 8 zatosha. Uliza prosesa: Intel Core kizazi cha 7 kwenda juu, mfano i5-7500. Ndani yake mna Quick Sync, sehemu ya grafiki inayobadilisha video ya HEVC (mfumo wa kubana video) ya biti 10 ili TV kongwe iisome, na prosesa ikabaki imepumzika. Kwenye Jellyfin, programu ya kurushia filamu kutoka kompyuta hadi TV, lazima uiwashe mwenyewe katika mipangilio. Namba ikiishia na F, kama i5-9400F, iache kabisa: haina grafiki za ndani, hivyo Quick Sync hamna. Faili za AV1, mfumo mpya zaidi wa kubana video, zataka kizazi cha 11. Afadhali laptopu, umeme ukikatika betri inailinda diski.