Feni na hewa kwenye chumba cha uyoga: tunavyofanya Tabora

Wanaonipigia simu kuhusu uyoga wa mamama (oyster) wengi huulizia mbegu, wakati shida yao ni hewa. Juzi nilikuwa Ipuli kwa mama mmoja. Mifuko yake ya kuoteshea ni mizuri, utando mweupe (nyuzi za uyoga) umeshika kote, ila uyoga umetoa miguu mirefu na kofia ndogo kama kifungo cha shati. Uyoga huo umekosa hewa safi. Tulirekebisha hivi.

1. Chumba cha giza, mifuko inapokaa mpaka utando ushike. Feni haihitajiki. Utando unavumilia kaboni dioksidi.

2. Pima chumba cha mwanga, yaani uyoga unapochomoza. Zidisha urefu, upana na kimo. Chake ni mita 3 kwa 4 kwa 2.5, yaani mita za ujazo 30. Nikitaka hewa yote ibadilike mara 4 kwa saa, nahitaji mita za ujazo 120 kwa saa. Nunua feni ya kutoa hewa yenye uwezo wa 240 kwa saa, maana haitawaka muda wote.

3. Funga feni na tundu la kuingizia. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Huyu mama alikuwa na feni mpya, lakini amezungushia nailoni kila dirisha. Hewa isipokuwa na pa kuingilia, feni inazunguka bure. Toboa tundu juu, ukuta wa mkabala na feni, lizidi feni kwa ukubwa mara mbili. Feni yenyewe ikae chini, karibu na sakafu, kwa sababu kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa. Zote mbili ziwekee neti. Vile vinzi vidogo vyeusi hupenya neti ya kawaida ya mbu, kwa hiyo ikunje mara mbili, na uisafishe vumbi kila wiki la sivyo feni inakabwa.

Ukimaliza, washa udi, upitishe polepole kati ya shelfu. Moshi unapoganda, hapo hewa haifiki: sogeza mifuko, iachane. Mimi naamini udi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kuna jambo jingine. Feni inayotoa hewa chafu inatoa na unyevu, na Tabora ya Septemba na Oktoba ni kavu kweli. Weka taima: dakika 15 kila nusu saa. Tundika gunia la katani lililoloweshwa mbele ya tundu la kuingizia, mwagia maji sakafu, kipima unyevu kisome kati ya asilimia 80 na 90. Masika ikishika, gunia toa.

4. Pangaboi usifunge. Linakausha mifuko ya juu na kuacha ya chini vilevile. Feni ya mezani inafaa, ila igeuzie ukutani.

5. Umeme ukikatika, fungua mlango wenye neti. Mwenye sola afunge feni ya volti 12, ndiyo ninayoipenda zaidi.

6. Soma uyoga wenyewe. Miguu ikirefuka, ongeza dakika za feni. Kofia zikipasuka pembeni au kugeuka njano, ongeza maji kwanza kabla ya kugusa feni. Vuna kabla kofia hazijakunjuka, na uvae barakoa: vumbi laini linalotoka kwenye kofia (spora) linaumiza mapafu. Ndiyo maana feni isielekezwe dirisha la chumba wanacholala watoto.